Mnara wa Rugomora na daftari nililolinyang'anya

Najua nimekuwa kimya tangu turudi BTP, na kuna watu wameshaanza kuniuliza kantini kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Bumu lilichelewa, bando likaisha, na kusema ukweli kuna jambo lilikuwa limenikaba kooni, sikujua niliandikeje. Sasa rumumeti wangu kanipa sababu, basi kaeni vizuri maana leo nimekasirika kidogo.

Ilikuwa hivi. Juzi usiku umeme ulikatika hapa hosteli, mimi nimejilaza kitanda cha juu nasoma Walenisi ya Katama Mkangi kwa tochi ya simu. Akaniuliza kinahusu nini. Nikamwambia kuna mtu anahukumiwa kifo, anafungiwa kwenye chombo cha angani ili akafie huko, badala ya kufa anajifunza kukiongoza, anatua kwenye nchi ambayo jina lake ukilikata vipande unapata "wale ni sisi". Kitabu cha 1995, Kiswahili safi, kaandika Mkenya. Jamani, dada wa watu alicheka mpaka kitanda kikatikisika. "Mwenzangu, mwaka wa tatu huu. Ualimu. Unasoma habari za watu kwenda angani?" Nikanyamaza. Akapapasa pembeni ya mto wangu, akakutana na Maus niliyoazima kwa mshkaji mmoja wa mwaka wa pili. "Na katuni juu! Sasa hao watoto wa watu utawafundisha nini?"

Nilimjibu vibaya, na nimeshamwomba radhi. Ila swali lake la mwisho halijaniacha kulala, kwa sababu jibu lake nilishalitoa mimi mwenyewe kule Muleba, kwa vitendo, na lilikuwa jibu la aibu.

Nilipangiwa shule moja ya sekondari wilayani Muleba. Jina naliweka kapuni, maana walimu wa pale walinipokea vizuri, wakanipa chumba, na kwa wiki zote zile ndizi sikununua hata mkungu mmoja. Nikapewa Kiswahili kidato cha pili, mikondo miwili. Wiki ya pili nafundisha uhakiki, mwalimu wa somo kakaa nyuma ananiangalia, mimi nimeshika andalio la somo kama ngao. Nikamwona kijana mmoja wa dirishani kainama. Haandiki ninachoandika ubaoni. Anachora.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya kile kile nilichofanyiwa tangu darasa la tatu. Nikatembea taratibu huku naendelea kuongea, nikalichomoa daftari, nikaliweka mezani, nikarudi kwenye dhamira. Yule mwalimu wa nyuma akatikisa kichwa kukubali. Nilijisikia mwalimu kweli kweli siku ile, sitawaficha.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa ameenda Bukoba mjini kikazi, kwa hiyo daftari likalala kwangu. Na mimi si mtu wa kulala na karatasi zenye maandishi bila kuzisoma. Daftari la kurasa 80, la mistari, michoro ya peni ya bluu, na pale anapotaka moto katumia peni nyekundu. Kila ukurasa kaugawa vyumba sita kwa rula, watu wanaongea ndani ya mapovu, na zile kelele kaziandika kubwa kubwa pembeni, ngwee, ngwee, nyundo juu ya chuma. Hadithi ni ya mfalme Rugomora Mahe na mnara wake.

Nyie wa kutoka Tanga na Mbeya mnaotucheka kwa senene, ngoja niwaeleze. Rugomora Mahe alikuwa mfalme wa Kyamutwara, karne ya 17 kwa makadirio. Wazee wanasimulia kwamba alitaka kujua mbinguni kukoje, akawaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma wa kufika huko. Wakajenga. Ukapanda, ukapanda, halafu ukaporomoka. Ndiyo hadithi yenyewe, na mtoto yeyote wa Kihaya aliyekaa na wazee anaweza kuwa ameisikia, ikimaliziwa na onyo kwamba usitake makuu.

Sasa yule kijana aliibadilisha. Kwake mnara hauporomoki. Wahunzi wanafika juu, wanachungulia, na mfalme anapaza sauti kutoka chini: "Mmeona nini?" Wao kimya. Chumba kinachofuata kimya. Kinachofuata tena kimya, kachora migongo yao tu. Halafu mmoja anageuka na kusema, "Waitu, kuna watu juu yetu, na wao wanajenga mnara wa kushuka." Ukurasa unaofuata ulikuwa haujaisha. Ndipo nilipomkatiza mimi na dhamira zangu.

Nilisoma mara tatu. Kibatari (ndiyo, kibatari, umeme wa kule mnaujua) kilitoa moshi mpaka asubuhi pua nyeusi.

Na asubuhi nililipeleka. Hapo ndipo mniangalie vizuri. Nilikuwa nimeshalisoma, nimeshajua nilichobeba, na nilikuwa na alama za BTP za kutafuta, msimamizi kutoka chuo alikuwa anatarajiwa siku yoyote. Mwalimu wa nidhamu akafunua kurasa mbili, akasema kumbe huyu ndiye anayemalizia mama yake hela kwa kuchafua madaftari, akalichana katikati, kijana akala viboko vitatu. Mimi nimesimama pale na chaki mkononi. Msimchukie yule mwalimu. Yeye angalau hakulisoma.

Sasa nije kwako rumumeti, na kwa wote mnaofikiri kama wewe, maana mko wengi na mimi nilikuwa mwenyekiti wenu.

Mnasema hadithi za mambo yasiyowezekana ni za kupoteza muda, mtu mwenye akili asome mambo ya kweli. Haya, twende Katuruka. Ni hapa hapa, Maruku, Bukoba Vijijini, hatuhitaji hata kuomba ruhusa ya wikiendi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwepo mtafiti wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, akikaa na wazee na kusikiliza hadithi zao. Wazee wakamwambia habari za mnara wa Rugomora na wakamwonyesha mahali penyewe, penye mti mkubwa, paitwapo Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma. Angekuwa ni rumumeti wangu angecheka akarudi zake mjini. Schmidt akachimba. Chini kukawa na mabaki ya kazi ya chuma, na mkaa ambao ulipopimwa, kuna uliokadiriwa kuwa wa tangu kabla ya Kristo kuzaliwa.

Mmeelewa hapo? Rugomora mwenyewe ni wa juzi tu ukilinganisha. Wahunzi wa pale walikuwa wameshakufa na kusahaulika miaka mingi mno kabla yake, hakuna kitabu, hakuna picha, hakuna kumbukumbu ya serikali. Kilichowafikisha mpaka kwa wale wazee ni hadithi ya ajabu iliyong'ang'ania mahali pale pale, kwamba hapa palikuwa na chuma kingi mpaka kilitaka kufika mbinguni. Baadaye, kwenye miaka hiyo hiyo ya 1970, wazee waliokuwa bado wanakumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuri na kuyeyusha chuma kwa njia ya zamani, na mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakaandika kwenye jarida la Science kwamba mafundi wa Kihaya waliipasha hewa moto kabla haijaingia tanurini na kupata chuma chenye kaboni, jamaa yake chuma cha pua. Wapo wataalamu waliobishana nao kwenye hilo la kupasha hewa, na wabishane, ndiyo kazi yao. Lakini tanuri zilikuwepo.

Jiulize sasa, kama babu zetu wangekuwa walimu wa Kiswahili wa aina yetu, wangetunza nini? Wangeitoa ile hadithi mnara, wangeitoa mbingu, wangeitoa moto, wakabakiza: "Dhamira: tamaa mbaya. Ujumbe: tusitake makuu." Nani angekumbuka sentensi hiyo kwa miaka 300? Nani angechimba shimo kwa ajili yake?

Kuna wanaosema hizi hadithi za sayansi ya kubuni na majini si utamaduni wetu, ni mambo ya Wazungu. Hao ndio wananichosha zaidi, kwa sababu ni watu wa fasihi, wameshika vitabu hivyo hivyo. Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951, ni nchi inayoelea hewani. Hewani! Adili na Nduguze, 1952, ndugu wawili wamegeuzwa manyani na wanachapwa kila usiku kwa amri ya jini. Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, wa ziwa letu hili hili unaloliona kutoka dirisha la maktaba, alitoa Nagona 1990 na Mzingile 1991, vitabu vyembamba ambavyo ukivimaliza unabaki umekaa kitandani hujui kama ni usiku au mchana. Said Ahmed Mohamed akamtoa babu kaburini akamsumbue mjukuu wake mheshimiwa, Babu Alipofufuka, 2001. Na kabla ya vitabu vyote hivyo wazee wa enanga walishaimba habari za Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba, na Profesa Mulokozi alikusanya tenzi hizo akaziandikia tasnifu yake ya udaktari. Wazungu gani hao tunaoiga?

Mwaka 2018 ilipotoka Black Panther watu walivaa vitenge wakaangalia kwa machozi, eti nchi ya Kiafrika yenye chuma cha ajabu na mafundi wanaoshinda dunia nzima. Wakanda ilibuniwa na Wamarekani wawili kwenye katuni ya 1966. Nzuri, sikatai, mimi mwenyewe nimeirudia mara nne. Ila niambieni, kati ya wote mliolia, ni nani aliyewahi kupanda gari la Maruku?

Wa fellowship, ndugu zangu, nanyi nawapenda, mniombee. Mliniambia vitabu vya mizimu na majini vinafungua milango. Nawauliza tu kwa upole, nabii Ezekieli aliona bonde la mifupa mikavu ikaungana na kusimama, hicho mngekikamata kwenye dawati la kidato cha pili au mngekiacha? Tuendelee.

Katuni sasa. Hapa hata wanaokubali riwaya wananikimbia. "Picha ni za watoto na wasiojua kusoma." Wazazi wetu walilelewa na Sani. Mnalijua hilo gazeti? Jina lenyewe limeungwa kwa majina ya waanzilishi wake, Saidi na Nico. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Madenge, mpaka leo mtu akiwa mzembe mtaani anaitwa lofa na kila mtu anacheka kwa sababu anaiona sura. Baba yangu, mtu asiyesoma kitu zaidi ya risiti ya kahawa ya chama cha msingi, anaweza kukusimulia Ndumilakuwili ukurasa kwa ukurasa. Kingo wa James Gayo naye amesema mengi kuhusu nchi hii kuliko hotuba nyingi nilizolazimishwa kusimama juani kuzisikiliza.

Nje huko mjadala huu walishaumaliza. Hiyo Maus iliyochekwa juzi, Art Spiegelman kamchora baba yake aliyenusurika Auschwitz, Wayahudi ni panya, Wanazi ni paka, na mwaka 1992 ikapewa tuzo ya Pulitzer. Karibu na kwetu zaidi, Mbelgiji mmoja, Jean-Philippe Stassen, alitoa Deogratias mwaka 2000, kijana wa Rwanda ambaye baada ya mauaji ya 1994 anajiona amegeuka mbwa. Nilipofika kurasa zile anazotambaa nilifunga kitabu nikatoka nje. Sisi ni wa Kagera. Mto huu ulileta maiti mwaka ule mpaka ziwani, Benaco kule Ngara kukajaa watu ghafla kama mji, na bibi yangu mpaka leo akiletewa samaki mkubwa kuna namna anavyomgeuza kabla ya kumpasua. Hajawahi kunisimulia kwa maneno. Kuna vitu vinahitaji mtu ageuke mbwa ndio visemeke.

Na Mkongo Barly Baruti, mtu wa Kisangani, mwaka 2014 alichora Madame Livingstone, habari za vita vya kwanza ziwa Tanganyika, rubani wa Kibelgiji anatafuta meli ya Wajerumani ya Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo Liemba. Ya Kigoma, Liemba yetu! Sisi tunayo meli, wenzetu wanacho kitabu.

Mtaniambia sasa, dada yetu, hayo yote sawa, lakini mtihani je? Najua. Mwanafunzi anaingia chumba cha mtihani wa NECTA, swali linamtaka athibitishe kwa hoja tatu kutoka kila kitabu, na mzazi aliyeuza mbuzi hataki kusikia habari za minara. Sijasema tuache kufundisha dhamira. Nitazifundisha, mshahara wangu nikiupata utatokana nazo. Ila angalieni tulichomfanyia Shaaban Robert. Kufikirika ilikaa kwa miaka mingi kwenye orodha ya riwaya za kidato cha tano na sita. Mimi niliisoma shule. Nchi ya mawazo matupu, mfalme na malkia waliohangaika kupata mtoto, waganga wa kila namna wakipita uani. Na sikumbuki hata siku moja mwalimu alituuliza hiyo nchi tunaionaje machoni, njia zake zikoje, watu wake wanakula nini. Tulipewa madesa ya kurasa nne, umuhimu wa elimu, imani potofu, nafasi ya mwanamke, tukakariri, tukafaulu. Nilipata B. Kitabu chenyewe nilikuja kukisoma chote hapa kampasi, mwaka wa kwanza, wakati wa mgomo wa maji, na nikashangaa kwamba kinachekesha. Hakuna aliyewahi kuniambia kinachekesha.

Na sisi ndio tunaenda kushika chaki. Darasa letu peke yake tuko zaidi ya 100 wenye Kiswahili. Piga hesabu ya madaftari mwenyewe.

Narudi Muleba nimalizie, maana hii sehemu rumumeti hajaisikia.

Wiki ya mwisho dhamiri ilinisuta nikaenda duka la pale njiapanda, nikanunua daftari jipya, kaunta kubwa, na peni mbili, bluu na nyekundu. Nikamwita yule kijana baada ya kipindi, nyuma ya maabara ambako hakuna mtu. Nikamwambia samahani. Sijui kama mwanafunzi wa kidato cha pili amewahi kuombwa samahani na mwalimu, alitazama miguu yangu tu. Nikamwambia ile hadithi ya mnara nataka kujua inaishaje, wale watu wa juu wanaojenga kushuka ni akina nani, achore achukue muda wake, mimi naondoka Ijumaa lakini akimaliza hata baadaye atanipata. Akasema "Sawa madam." Akaondoka na daftari kalishika kwa mikono miwili.

Ijumaa nimeshafunga begi, nasubiri Hiace ya Bukoba, akaja mbio kanyoosha daftari. Moyo ukanilipuka. Nikafungua pale pale barabarani. Ukurasa wa kwanza, mwandiko safi, amepigia mstari kwa rula: UHAKIKI WA HADITHI YA MNARA. Dhamira kuu: uongozi mbaya. Dhamira ndogondogo: tamaa, matabaka, nafasi ya wahunzi katika jamii. Ujumbe: tusitake makuu. Falsafa. Msimamo. Kila kitu mahali pake, kama nilivyowafundisha. Nikafunua kurasa nyingine zote mpaka mwisho. Tupu.

Akaniuliza, "Madam, nimepatia?"

Gari lilikuwa linapiga honi. Nilimwambia amepatia.

Basi ndiyo hivyo. Likizo nitashuka Muleba, nimeshaongea na mwalimu mmoja wa kule anisaidie kumpata. Nimeanza kuuchora ule mnara mwenyewe kwa kumbukumbu ili nimpelekee, kurasa tano mpaka sasa, nachora vibaya kupita maelezo, mfalme wangu anafanana na gunia la kahawa, lakini vile vyumba vitatu vya kimya nimevipata. Mwenye Sani za zamani nyumbani kwao, hata zilizofungiwa maandazi, aniletee chumbani nitampa soda. Na aliyeazima Nagona yangu muhula uliopita namjua, naye anajijua, airudishe kabla ya UE. Nawasilisha.